Namba ya Siri Isitajwe kwa Mtu

Kaa karibu na kibanda cha wakala wa fedha za simu kwa muda, utasikia mtu akitaja namba yake ya siri kwa sauti. Huenda ni mzee ambaye maandishi ya skrini yamemshinda, au mtu asiyeona, au mama ambaye menyu humkatikia kila akifika katikati. Anamkabidhi simu wakala, mjukuu au jirani, anazitaja tarakimu nne, na tangu hapo akiba yake inalindwa na uaminifu wa mwenzake. Wengi wa wanaosaidia ni watu wema. Hata hivyo, mfumo wa fedha unaomtaka mteja atunze siri, kisha ukamfungia njia zote isipokuwa ile ya kuitoa siri hiyo, una kasoro ya msingi, na mwenye kasoro hiyo ni aliyeubuni.

Nawaandikia ninyi mnaobuni programu za simu, mnaojenga tovuti za taasisi, mnaoandika menyu za kubonyeza, na ninyi wakuu wa idara mnaoagiza mifumo hiyo na kuilipia. Kipimo ninachowaomba mkitumie ni kimoja. Je, mtu huyu anaweza kumaliza jambo lake peke yake, bila kumpa mtu mwingine siri yake? Jibu likiwa hapana, kazi haijaisha, hata kama rangi zinapendeza na mkurugenzi amefurahi.

Huduma ya fedha za simu ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo simu imekuwa dirisha la karibu kila jambo: ada ya shule, umeme wa kulipia kabla (LUKU), mkopo, mshahara, maombi ya kazi, malipo ya serikali. Anayeshindwa kuitumia simu peke yake siku hizi hupata taabu hata kujinunulia umeme wa nyumba yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila watu sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Ukiwaongeza wazee ambao macho na vidole vyao vimepungua nguvu, dereva wa bodaboda anayejaribu kusoma skrini juani saa saba mchana, na aliyevunjika mkono wiki iliyopita, utaona kwamba tunazungumzia wateja wa kawaida kabisa.

Anza na kisoma skrini, maana hapo ndipo kazi ndogo inapoleta faida kubwa. Kisoma skrini ni programu inayotamka yaliyomo kwenye skrini. Simu za Android zina TalkBack, iliyotoka mwaka 2009. VoiceOver iliingia kwenye iPhone mwaka huo huo. Kwenye kompyuta za Windows ipo NVDA, inayotolewa bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Kwenye simu, mtumiaji hutelezesha kidole kulia kwenda kwenye kitu kinachofuata, husikiliza jina lake, kisha hugonga mara mbili kukifungua. Kwa hiyo kila kitu sharti kiwe na jina. Anayeona huuelewa mchoro wa nyumba bila kuambiwa. Kwa asiyeona, kama mtengenezaji hakuandika neno “Mwanzo” nyuma ya mchoro huo, sauti itasema “kitufe” na kunyamaza. Skrini yenye michoro minane isiyo na majina husikika “kitufe, kitufe, kitufe” hadi mwisho, na kimoja kati ya hivyo kinatuma pesa, kingine kinafunga akaunti.

Kukipa kitufe jina ni mstari mmoja wa msimbo. Liandike jina kwa Kiswahili kama programu ni ya Kiswahili, na litaje tendo: “Tuma pesa”, “Rudi”, “Onyesha salio”. Kwenye fomu, jina la kila sehemu ya kujaza libaki linaonekana na linasomeka hata mtu akishaanza kuandika. Yale maelezo ya kijivu yanayotoweka mara mtu anapoanza kuandika humwacha msahaulifu hajui alikuwa anajaza nini, na visoma skrini haviyashughulikii kwa namna moja. Kosa likitokea, litaje kwa maneno na useme liko wapi. Kuzungushia kisanduku mstari mwekundu hakumwambii kitu asiyeona, wala asiyetofautisha nyekundu na kijani.

Lipo kosa linalotugusa sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Kila ukurasa wa tovuti unapaswa kubeba tamko la lugha yake, mahali ambapo msomaji wa kawaida hapaoni. Kwa Kiswahili tamko hilo ni herufi mbili tu, sw. Violezo vingi tunavyonunua au kupakua huja vimeandikwa en, na mtengenezaji hubadilisha maneno yote yanayoonekana akaiacha en hiyo palepale. Kisoma skrini huliamini tamko. Kinachukua sauti ya Kiingereza na kuisoma “Chagua wilaya unayoishi” kwa matamshi ya Kiingereza, maneno yanatoka yamevurugika hata mzaliwa wa Unguja asiyaelewe. Sauti za Kiswahili zipo. Programu ya usemaji ya Google kwenye Android inayo, na eSpeak NG, ambayo huja pamoja na NVDA, inayo pia. Zinasubiri kuambiwa kwamba huu ni ukurasa wa Kiswahili. Fungua msimbo wa tovuti yako leo na uangalie mistari ya juu kabisa. Kama ndani ya ukurasa wa Kiswahili kuna aya ya Kiingereza, itolee aya hiyo tamko lake peke yake.

Sasa tuje kwenye matangazo. Tangazo la ajira huandikwa kwenye kompyuta, likatolewa kwenye karatasi, likapigwa muhuri na kutiwa saini, likaskaniwa, kisha likapandishwa kwenye tovuti na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Maandishi yaliyokuwa yanasomeka na mashine yamegeuzwa picha. Kisoma skrini kikifika hapo hakina cha kusema. Matangazo mengi ya aina hii yana kifungu kinachowahimiza watu wenye ulemavu nao waombe, na kifungu hicho kimo ndani ya picha ileile wasiyoweza kuisoma. Inauma, kwa sababu dawa yake haigharimu chochote: hifadhi faili moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kuandikia, na nakala yenye muhuri iweke pembeni kwa anayeihitaji. Unaporusha bango la mkutano, la chanjo au la kukatika kwa maji, bandika maneno yake chini ya picha. Watakushukuru pia wenye bando dogo, ambao maandishi huwafikia hata picha ikikataa kufunguka.

Wabunifu wengi wana simu janja nzuri mfukoni, hivyo huzisahau menyu za nyota na reli, zile za *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania au *334# kwa ile ya Kenya. Usizidharau. Menyu hizi hufanya kazi kwenye simu ya bei ndogo kabisa, bila bando, na simu ya vitufe ina kinundu juu ya namba 5 kinachokiongoza kidole. Mtu asiyeona huzitumia menyu hizi kwa kukariri njia: moja, kisha tatu, kisha namba ya mpokeaji, kisha kiasi. Hapo ndipo ninapowasihi wenye mamlaka juu ya menyu hizo: msizipange upya. Ukihamisha vipengele ili ofa mpya ya mkopo ikae namba 1, mtu aliyezoea kubonyeza 1 kutuma pesa kijijini atajikuta kwenye ukurasa wa kukopa, na hana macho ya kumwonya. Huduma mpya iongezwe mwishoni. Kinachotumika sana kikae mwanzoni na kisihame.

Ujumbe mmoja wa menyu hizi unabeba herufi 182 tu. Ukomo huo ni msaada, kwa kuwa unakulazimisha kuandika kwa ufupi. Shida kubwa ni muda. Kikao hukatika baada ya ukimya fulani, na ukimya wa mtu anayesoma polepole, au anayesubiri TalkBack imalize kutamka, ni mrefu kuliko wa kijana aliyeijaribu menyu ofisini. Zungumza na kampuni ya simu muda uongezwe. Pale isipowezekana, panga hatua ziwe chache, na mtu akirudi baada ya kukatika aendelee alipoishia badala ya kuanza upya. Kabla pesa haijaondoka, taja jina la mpokeaji na kiasi, kisha mpe nafasi ya kukataa.

Namba ya siri yenyewe inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu hapa watu wa usalama na watu wa ufikivu, yaani wanaohakikisha kila mtu anaweza kuutumia mfumo, huvutana. Programu nyingine za fedha hutengeneza kibodi yao, zikachanganya mpangilio wa tarakimu kila mara, wala hazizipi tarakimu hizo majina. Nyingine zikigundua kisoma skrini kimewashwa zinakataa kufunguka, kwa hofu ya programu za wizi zinazojifanya huduma za ufikivu ili zisome skrini. Hofu hiyo ni ya kweli. Programu za namna hiyo zipo na zimeiba fedha za watu. Lakini kumfungia mlango kila asiyeona ni kumrudisha kwa wakala akataje tarakimu zake hadharani, na huo nao ni wizi uliofunguliwa njia. Android 14, iliyotoka mwaka 2023, imeweka njia ya katikati: mtengenezaji anaweza kuitia alama sehemu nyeti ili isomwe tu na huduma zilizotangazwa kuwa ni za ufikivu kweli, kama TalkBack, na nyingine zisiione. Mwambie mtaalamu wako wa usalama aitumie hiyo. Na kibodi ya kuingizia namba ya siri iwe na mpangilio uliozoeleka, tarakimu zenye majina, na ukumbusho wa kuvaa spika za masikioni.

Wenye uoni hafifu husahaulika kuliko wasioona kabisa. Katika nchi zetu wamo watu wengi wenye ualbino, ambao mara nyingi uoni wao ni hafifu na macho yao huumizwa na mwanga mkali. Mtu kama huyu hushika simu karibu kabisa na uso. Ukurasa mweupe unaong'aa ni mateso kwake, kwa hiyo mpe uchaguzi wa mandhari meusi. Ameshaongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya simu yake. Programu yako iufuate ukubwa huo badala ya kung'ang'ania wake. Jaribu kuongeza maandishi mara mbili uone kama maneno yanapandiana au kama kitufe cha kuendelea kimesukumwa nje ya skrini. Vitufe vilivyobuniwa kwa Kiingereza kisha vikatafsiriwa huathirika haraka zaidi, kwa kuwa maneno yetu hujaza nafasi na kukatwa mkia.

Kuhusu rangi, viwango vya kimataifa vya ufikivu wa tovuti, WCAG, ambavyo toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, vinataka mwachano wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wanakipenda mno, hakifiki hata 3 kwa 1. Kijivu cha #767676 kinavuka kwa unywele. Njano juu ya nyeupe haina matumaini, hata kama ni rangi ya kampuni. Vitufe navyo viwe vikubwa: Google inapendekeza vipimo 48 (dp) kila upande, ambavyo kwenye skrini ni kama milimita 9. Kidole kinachotetemeka kinakihitaji kila kimoja cha vipimo hivyo.

Kwa viziwi, kikwazo kikubwa ni namba ya simu ya huduma kwa wateja inapokuwa mlango pekee. Akaunti imefungwa, ujumbe unasema “Tupigie”, na mteja haongei wala hasikii. Atamtafuta anayesikia ampigie, na anayesikia ataulizwa maswali ya uthibitisho: jina la mama, muamala wa mwisho, tarehe ya kuzaliwa. Tumerudi palepale kwenye siri kutajwa kwa mtu mwingine. Weka njia ya kuandikiana, kwa ujumbe mfupi au WhatsApp, yenye mhudumu mwenye uwezo sawa wa kutatua tatizo. Tarakimu za uthibitisho zisitumwe kwa simu ya sauti peke yake. Video za maelekezo ziwe na maandishi chini yake, yaliyokaguliwa na binadamu. Mkumbuke pia kwamba kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni lugha ya alama, ambayo ina sarufi yake, hivyo Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili kwao. Sentensi fupi zinazotaja nani afanye nini zitawasaidia, na maelezo ya jambo zito kama masharti ya mkopo yastahili mkalimani ndani ya video, katika kisanduku kikubwa ambacho mikono na uso vinaonekana vizuri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja lugha ya alama ya nchi hiyo kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Benki haina sababu ya kuiona kuwa ni jambo la ziada.

Utambulisho kwa mwili nao uangaliwe. Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole mwaka 2019. Vidole vya fundi ujenzi, vya mkulima wa miaka mingi na vya mzee huwa vimelika, na mashine inaweza isivitambue. Wapo pia waliopoteza vidole kwa ukoma au ajali. Kamera inayomtaka mtu aweke uso katikati ya duara, apepese macho na kugeuza kichwa haimfai asiyeliona duara, kama hakuna sauti inayomwelekeza. Mfumo wowote wa namna hii uwe na njia ya pili iliyoandikwa kwenye utaratibu, inayojulikana na mhudumu wa dirishani, isiyomtaka mteja aombe huruma ya meneja.

Yote hayo unaweza kuyasoma na bado ukakosea, kwa sababu anayeona hawezi kukisia anavyotumia simu asiyeona. Waite watumiaji wenyewe, na uwaite mapema. Fundi hupitisha bomba kabla ya kupiga plasta; ukisubiri mwezi wa uzinduzi ndipo umwite mtu asiyeona ajaribu, utabomoa ukuta au utamwambia “tutarekebisha toleo lijalo”, na toleo hilo halifiki. Chama cha Wasioona Tanzania, CHAVITA cha viziwi, Chama cha Watu wenye Ualbino na shirikisho lao, SHIVYAWATA, wanaweza kukuelekeza kwa watu wanaotumia simu kila siku. Nchini Kenya, shirika la inABLE limekuwa likiwafundisha kompyuta wanafunzi wasioona tangu maabara yake ya mwanzo katika shule ya wasioona ya Thika. Watu wenye ujuzi wapo.

Ukiwaita, walipe. Nauli na soda si malipo ya mtaalamu, na mtu anayekuonyesha kasoro ambazo timu yako nzima haikuziona ni mtaalamu. Mwache atumie simu yake mwenyewe, yenye mipangilio aliyoizoea. Mpe kazi halisi: nunua umeme, lipa ada, badilisha namba ya siri. Kisha nyamaza. Mkono utakuwasha umwelekeze bonyeza hapa, bonyeza pale, uzuie. Pale anaposimama kwa muda mrefu ndipo ulipo ubovu wa kazi yako, na ukimsaidia kupita umeuficha. Wawe wa aina mbalimbali: asiyeona aliyezoea TalkBack kwa miaka na aliyeianza juzi, kiziwi anayesoma vizuri na asiyesoma sana, mzee wa simu ya vitufe.

Mkuu wa idara atauliza gharama. Mjibu kwamba mambo mengi niliyoyataja ni ya kuandika upya maneno, kubadili rangi na kuongeza mistari ya msimbo, na yakifanywa mwanzoni hayaonekani hata kwenye bajeti. Mjibu pia kwa sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataja katika ibara yake ya 9 kwamba teknolojia ya habari na mawasiliano iwafikie watu hawa sawa na wengine. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Kenya ilitoa mwaka 2022 kiwango chake cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia, KS 2952. Anayeagiza mfumo wa taasisi ya umma aweke sharti la ufikivu ndani ya mkataba wa zabuni, na asilipe awamu ya mwisho kabla watumiaji wenye ulemavu hawajaujaribu. Mkandarasi asiyetajiwa sharti hilo kwenye karatasi hatalikumbuka.

Kwa wiki hii, fanya jambo moja. Washa TalkBack kwenye simu yako, funika skrini kwa kitambaa, na ujaribu kumtumia mtu shilingi elfu moja kupitia programu uliyoijenga wewe. Andika kila mahali uliposhindwa. Karatasi hiyo ipeleke kwenye kikao cha Jumatatu, na isiondoke mezani mpaka kila mstari umepewa mtu wa kuurekebisha na tarehe ya kuumaliza.